Mawimbi ya Redio na Sanaa Zetu

Kila sanaa ina malighafi yake. Mchongaji ana mpingo na mninga; mfinyanzi ana udongo; msusi ana ukindu na milala; mwamba ngoma ana gogo la mti na ngozi ya ng'ombe. Malighafi hizi si watumwa wa msanii. Kila moja ina tabia yake, nayo humlazimisha msanii aifuate. Achongaye mpingo hana haraka, kwa kuwa mti ule ni mgumu na huvunja patasi ya mwenye pupa. Afinyangaye udongo, kinyume chake, hana budi kuuwahi kabla haujakauka. Fundi mwema, basi, ni yule aliyekwisha kuijua tabia ya kitu anachokishughulikia, akapatana nacho.

Katika makala haya twakusudia kuizungumzia malighafi moja isiyoshikika mkononi, isiyoonekana kwa macho, isiyo na uzito wala harufu, ambayo hata hivyo imefanya kazi kubwa katika sanaa za taifa letu kwa muda wa zaidi ya miaka 70. Malighafi hiyo ni mawimbi ya sumakuumeme, na hasa yale yatumiwayo na redio. Watu wengi huiona redio kuwa ni kasha la kupokelea habari tu. Sisi twaona kwamba ni zaidi ya hayo. Ni uwanja wa ngoma, ni baraza la malenga, ni jukwaa la tamthilia. Na kama ulivyo uwanja wowote, una ardhi yake na miiko yake.

Yafaa tuanze kwa kueleza mawimbi haya ni kitu gani. Mwaka 1865 mtaalamu wa Uskoti, James Clerk Maxwell, alionyesha kwa hesabu kwamba nguvu za umeme na za sumaku zinapobadilika pamoja huzaa wimbi lisafirilo kwa mwendo wa mwanga, yaani kiasi cha kilometa 300,000 kwa sekunde moja. Miaka ishirini na zaidi baadaye, baina ya 1887 na 1888, Mjerumani Heinrich Hertz aliyazalisha mawimbi hayo chumbani mwake na kuyapokea upande wa pili. Mwaka 1901 Guglielmo Marconi akapokea ishara iliyovuka bahari ya Atlantiki. Tangu hapo dunia ikapata malighafi mpya.

Jambo la kustaajabisha ni kwamba mwanga tunaouona ni ndugu wa wimbi la redio. Tofauti yao ni urefu tu. Wimbi la redio litetemalo mara milioni moja kwa sekunde lina urefu wa meta 300, kiasi cha viwanja vitatu vya mpira vilivyowekwa mkia kwa kichwa. Wimbi la FM litetemalo mara milioni 100 lina urefu wa meta 3. Lakini mawimbi ya mwanga ni mafupi mno, hata 2,000 hivi yangeweza kuenea katika milimita moja. Kwa hiyo mpiga picha, mwonyesha sinema na mtangazaji wa redio wote ni mafundi wa ukoo mmoja. Kadhalika, yafaa tukumbuke kwamba neno letu la "hewani" ni la mazoea tu. Sauti ya mdomo huhitaji hewa ili isafiri. Wimbi la redio halihitaji hewa kabisa, na ndiyo maana laweza kutoka duniani likafika mwezini.

Je, wimbi hili hubebaje sauti ya mtu? Sisi tuliolelewa Binza, katika nchi ya pamba na ng'ombe ambayo tangu mwaka 2012 imo katika Mkoa wa Simiyu wenye makao yake makuu Bariadi, twaweza kulieleza jambo hili kwa mfano wa bugobogobo. Katika ngoma hiyo ya jembe, wakulima hujipanga mstari mmoja shambani, nao huinua na kushusha majembe kwa pamoja kufuata ngoma. Tuseme yupo mtu amesimama juu ya kilima cha mbali, naye haisikii ngoma hata kidogo, ila anayaona majembe. Ngoma ikipigwa kwa nguvu, majembe hupanda juu sana. Ngoma ikilegea, majembe nayo hupanda kidogo. Mtu yule, kwa kutazama kimo cha majembe, aweza kuujua mwendo wote wa ngoma asiyoisikia. Ndivyo ilivyo redio ya masafa ya kati. Wimbi mbebaji ni ule mstari wa majembe usiokoma. Sauti ya mwimbaji ni ngoma ikuzayo na kupunguza kimo chake. Na kipokezi chetu cha redio ni yule mtazamaji wa kilimani, aliyefundishwa kugeuza kimo cha majembe kuwa sauti tena.

Hapa nchini kazi hiyo ilianza kwa unyenyekevu. Mwaka 1951 ilianzishwa Sauti ya Dar es Salaam, kituo kidogo ambacho mtambo wake haukufika mbali na mji. Mwaka 1956 likaundwa Shirika la Utangazaji la Tanganyika. Baada ya Uhuru, mwaka 1965, utangazaji ukawekwa chini ya serikali moja kwa moja, nacho chombo kikaitwa Radio Tanzania Dar es Salaam, jina ambalo wengi wetu wa rika hili tulilijua kabla ya kuijua shule. Miaka mitatu kabla ya hapo, mwaka 1962, Mwalimu Julius Nyerere alikuwa ameunda wizara ya utamaduni na vijana, akieleza kwamba nchi isiyo na utamaduni wake haina roho. Redio ikawa mguu wa siasa hiyo. Katika nchi kubwa yenye barabara chache, hapakuwa na njia nyingine iliyoweza kumpelekea Mmakonde ngoma ya Msukuma, na Msukuma taarabu ya Mzanzibari, katika jioni moja.

Mtu aweza kuuliza: umbali huo una maana gani? Kutoka Dar es Salaam hadi upande wetu wa Bariadi, kwa mstari ulionyooka, ni kiasi cha kilometa 735. Kama ngoma ya Dar es Salaam ingeweza kusikika huko kwa hewa tupu, mlio wake ungechukua dakika 36 kufika. Wimbi la redio huumaliza mwendo huo kwa sehemu mbili na nusu ya elfu ya sekunde. Sasa mtu aliyeketi meta 10 kutoka kwenye ngoma hupata mlio wake baada ya sehemu 29 za elfu ya sekunde, kwa kuwa hewa ni mzigo kwa sauti. Maana yake, katika utangazaji wa zamani wa moja kwa moja, mkulima wa Binza aliyeweka sikio kwenye redio yake aliisikia ngoma kabla ya mtazamaji aliyeketi safu za nyuma ukumbini Dar es Salaam. Haya si mafumbo. Ni hesabu ambayo mwanafunzi wa kidato cha pili aweza kuifanya mwenyewe daftarini.

Lakini tulikwisha sema kwamba kila malighafi ina tabia yake. Wimbi la redio lina tabia tatu ambazo msanii hana budi kuzijua.

Tabia ya kwanza ni upofu. Redio haina macho. Zitazame ngoma za Wasukuma. Bugobogobo uzuri wake u katika majembe yarushwayo juu, yazungushwayo na kudakwa. Bugoyangi ni ngoma ya wachezea nyoka. Mchezaji hutoka na chatu shingoni, watu wakapiga kelele na kurudi nyuma. Wigashe huchezwa na vijana walioketi, na utamu wake umo katika miondoko ya mikono na mabega ambayo ni midogo na ya adabu. Zipeleke ngoma hizi tatu redioni. Jembe halionekani, chatu haonekani, bega halionekani. Msikilizaji wa Lindi husikia kelele za watu asijue kwamba wamemkimbia nyoka. Kwa hiyo ngoma ikiingia redioni bila msimulizi huingia nusu. Ndipo tunapoona kwamba msimulizi wa redio si mtu wa kujaza nafasi baina ya nyimbo mbili. Yeye ndiye jicho la wasikilizaji wote, na kazi yake ni sanaa kamili.

Tabia ya pili ni wembamba. Sikio la kijana mwenye afya husikia mitetemo hadi kiasi cha 20,000 kwa sekunde. Redio ya masafa ya kati, kwa kuwa vituo vimepangiwa nafasi ndogo ili visigongane, hupitisha hadi kiasi cha 4,500 tu. FM huongeza hadi 15,000. Sauti zinazokatwa ni zile nyembamba za juu: mlio mkali wa njuga, mkwaruzo wa zeze, mng'ao wa manyanga. Kwa upande wa chini nako, spika ndogo ya redio ya kijijini haiwezi kutoa mngurumo wa ngoma kubwa. Hivyo ngoma ya redio za utoto wetu ilikuwa imekatwa kichwa na miguu, ikabakia kiwiliwili. Na kiwiliwili hicho ni nini? Ni sauti ya mtu. Maneno ya binadamu hukaa katikati kabisa ya uwanja ule mwembamba. Simu ya waya ilipitisha baina ya mitetemo 300 na 3,400 tu, na bado tulimtambua ndugu yetu kwa neno la kwanza. Wimbi la redio, basi, humpendelea mwenye maneno kuliko mwenye chombo.

Tabia ya tatu ni kigeugeu na upesi wa kupotea. Mchana jua huujenga, kiasi cha kilometa 60 hadi 90 juu yetu, utando wa hewa yenye umeme ambao humeza mawimbi ya masafa ya kati. Jua likizama, utando huo hutoweka, na mawimbi hupanda hadi tabaka za juu zaidi za ionosfia yakarudishwa chini mbali sana. Ndiyo sababu usiku wa Binza ulijaa sauti za nchi jirani ambazo mchana hazikuwapo. Na ndiyo sababu sauti ile ile ilikuja na kuondoka kama mtu ayumbaye kwa upepo. Tena neno likipita limepita. Msomaji wa kitabu aweza kurudi ukurasa wa nyuma. Msikilizaji hawezi kumwambia mtangazaji arudie.

Mtu akizijumlisha tabia hizi tatu ataona jambo ambalo sisi watunga mashairi twapaswa kulifurahia. Ushairi wa Kiswahili wenye vina na mizani umekaa kana kwamba uliumbwa kwa ajili ya redio, ingawa ulitangulia redio kwa karne nyingi. Tazama ubeti huu, ambao tumeutunga kwa ajili ya makala haya:

Sauti huja kwa mbali, yasafiri bila njia,
Haijui jua kali, wala giza la dunia,
Mwenye moyo wa kujali, huketi na kusikia,
Ngoma yetu ya asili, hewani yatulilia.

Tuchukulie kwamba katika mshororo wa tatu redio imekwaruza, na neno la mwisho limemezwa. Msikilizaji ameambulia "huketi na" tu. Je, amepotea? La. Sikio lake limekwisha kujua kwamba kina cha mwisho ni "ia," na kwamba zimebaki mizani nne. Kabla mkwaruzo haujakwisha, yeye mwenyewe amekwisha kulijaza lile pengo: ku-si-ki-a. Kina na mizani ni kamba mbili zinazolizuia neno lisizame. Yule asemaye kwamba sheria za ushairi wetu ni minyororo tu, na aende akasikilize shairi usiku wa mvua kwenye redio yenye betri dhaifu, ndipo aseme. Haikuwa kwa bahati kwamba kipindi cha Malenga Wetu kilipendwa hata na watu wasiojua kusoma.

Sanaa ya pili iliyopatana na malighafi hii ni tamthilia ya redio. Wasikilizaji wa Radio Tanzania waliwajua Pwagu na Pwaguzi kwa sauti tu, na kila nyumba iliwachora kwa sura yake. Hapo upofu wa redio uligeuka kuwa neema: jukwaa la serikali lingehitaji mavazi na mapambo, lakini masikioni mlango ukilia, mlango upo, jogoo akiwika, kumekucha. Mwezi Julai 1993 ulianza mchezo wa Twende na Wakati, uliohusu uzazi wa mpango na maradhi ya UKIMWI. Ndani yake alikuwamo dereva wa lori aitwaye Mkwaju, mtu wa starehe za njiani, ambaye mwisho wake ulikuwa mchungu. Kwa miaka ya kwanza mchezo huo haukurushwa na mtambo wa Dodoma, ili watafiti wapate kulinganisha waliousikia na wasiousikia; na ulinganisho huo ukaonyesha kwamba mchezo ulikuwa umebadili mienendo ya watu. Ni nadra kwa sanaa yoyote kupimwa hivyo. Wimbi lilionekana limeingia nyumbani na kufanya kazi.

Katika nchi nyingine wasanii wamekwenda mbali zaidi, wakalishika wimbi lenyewe kama mpiga ngoma ashikavyo kirungu. Yapata mwaka 1920, Mrusi Lev Termen alibuni ala ya muziki ambayo mpigaji haigusi. Husogeza tu mikono yake karibu na antena mbili, na mwili wake hubadili uga wa umeme, mmoja ukapandisha na kushusha sauti, mwingine ukaikuza na kuipunguza. Mwaka 1951, mwaka ule ule Dar es Salaam ilipopata kituo chake kidogo, Mmarekani John Cage aliweka redio 12 ukumbini New York na wapigaji 24, wawili kwa kila redio. Mmoja alitafuta vituo, mwenziwe alirekebisha sauti, na kilichosikika ni chochote kilichokuwa hewani usiku ule. Wako walioona huo ni upuuzi. Sisi hatuna haja ya kumwiga, lakini tuna haja ya kulielewa swali lake: je, sauti zilizojaa angani ni mali ya nani, na nani mwenye haki ya kuzipanga?

Usukumani swali hilo lina jibu la kale. Katika mashindano ya ngoma baada ya mavuno, Bagika na Bagalu hucheza wakati mmoja, kila kundi upande wake, na watazamaji wako huru kutembea. Kundi likilegea, watu huliacha na kukimbilia upande wa pili. Na wingi wa watu ndio hukumu. Hadi leo mwezi wa Juni, katika sikukuu ya Bulabo kule Bujora karibu na Mwanza, mambo huenda hivyo. Nani asiyeona kwamba huo ndio mtindo wa redio? Vituo vyote hupiga kwa wakati mmoja, na kitufe cha kutafutia ni miguu ya mtazamaji. Wasukuma walijua ushindani wa vituo kabla ya vituo. Tofauti ni moja tu, nayo ni kubwa. Uwanjani manju, ambaye kwa Kisukuma huitwa ningi, huwaona watu wakimwacha, naye hubadili wimbo papo hapo ili awarudishe. Mwimbaji wa redio haoni mtu. Wimbi la redio huenda, halirudi na habari.

Hapa tumefika kwenye jambo lililotufanya tuandike. Katika miaka ya 1990 tulikuwa karani kijana wa serikali, tukaja Binza kwa likizo. Jioni moja redio ya nyumbani ilipiga bugobogobo. Bibi yetu mdogo, mjane wa ndugu yake babu, alikuwa akichambua mchicha. Aliacha kazi. Mwimbaji alikuwa mumewe, aliyefariki miaka minne kabla. Watoto walitaka kupunguza sauti kwa heshima. Yeye akawakataza kwa mkono, na kiitikio kilipofika akaitikia, kama alivyokuwa akiitikia shambani walipokuwa vijana, mpaka wimbo ukaisha. Kisha mtangazaji akasema kwamba hiyo ilikuwa ngoma ya Wasukuma, akaendelea na salamu.

Bibi akauliza, "Mbona hakumtaja babu yenu?"

Hatukuwa na jibu. Tuliporudi kazini tulikiandikia kituo kile, ambacho hapana haja ya kukitaja, tukaomba kujua kanda hiyo ilirekodiwa lini. Jibu lilikuja kwa adabu. Lilisema kwamba kanda za ngoma za Kisukuma ni nyingi, na kwamba bila jina la mwimbaji lililoandikwa juu ya kasha haingewezekana kujua ipi ni ipi. Bibi yetu naye alikwisha kufariki. Wimbo ule, kwa wale wajuao maneno yake, ulikuwa na mambo ndani yake: ulizitaja koo zilizofungua mashamba upande ule, ukasimulia ugomvi wa mpaka na jinsi wazee walivyoumaliza. Kwa msikilizaji wa Tanga ilikuwa midundo ya kupendeza tu. Kwa wajukuu wa mwimbaji waliozaliwa mijini, wasiokijua Kisukuma, vilevile ni midundo ya kupendeza tu.

Tusieleweke vibaya. Kiswahili ndicho kilichotufanya taifa, na kanuni zetu za utangazaji zinazotaka vituo vitumie Kiswahili au Kiingereza zina hekima yake. Twajua nchi ambazo redio za kikabila zimechochea chuki hata damu ikamwagika. Lakini tukumbuke matokeo yake kwa sanaa. Lugha za makabila huingia redioni kwa mlango mmoja tu, mlango wa nyimbo. Na nyimbo zikiingia bila jina la mtunzi, bila jina la kijiji, bila tafsiri, basi tumeuingiza mlio, tumeiacha maana mlangoni. Si Kiswahili kinachoizuia maana hiyo. Kiswahili ndicho kingepaswa kuifungulia, kwa maelezo ya dakika moja kabla ya wimbo.

Wako waliolifanya kwa maandishi. Mwaka 2010 mtafiti Frank Gunderson alichapisha kitabu kikubwa cha nyimbo za kazi za Wasukuma, zaidi ya nyimbo 300, pamoja na tafsiri na maelezo yake. Twamshukuru. Lakini kitabu hicho ni cha Kiingereza, na ni aibu kidogo kwamba mwanafunzi wa Bariadi atakaye kujua maana ya wimbo wa babu yake sharti aipate kwa lugha ya kigeni.

Fauka ya hayo, wakati umebadilika. Radio Tanzania iliunganishwa na televisheni ya taifa, na sasa kazi yake imo mikononi mwa Shirika la Utangazaji Tanzania. Vituo vya FM vimetapakaa mikoani. Mwishoni mwa mwaka 2012 mitambo ya zamani ya televisheni ilianza kuzimwa, Dar es Salaam ikitangulia, ili kuingia katika mfumo wa tarakimu. Zaidi ya yote, kijana wa Binza leo hutembea na simu, na simu hiyo ni kipokezi na mtambo wa kurushia kwa pamoja. Zamani serikali peke yake ndiyo iliyokuwa na uwezo wa kulirusha wimbi. Leo uwezo huo umo mfukoni mwa mchunga ng'ombe. Wimbi ambalo lilikuwa haliwezi kurudi na habari, sasa linarudi: mwimbaji hupata sifa na lawama za wasikilizaji kabla jasho halijamkauka. Kwa hiyo ule uwanja wa Bagika na Bagalu umetimia hewani.

Lakini uwezo bila utaratibu hauhifadhi kitu. Kanda isiyoandikwa jina na video isiyo na maelezo ni ndugu. Ya kwanza ilipotea rafuni, ya pili itapotea ndani ya simu iliyovunjika kioo. Ndiyo maana twapenda kuwaeleza walimu na wanafunzi mambo matatu ambayo yanaweza kufanywa bila bajeti yoyote.

La kwanza: kila mwanafunzi wa sekondari na amrekodi mzee mmoja wa kwao, awe mwimbaji, mtambaji wa hadithi au mpiga zeze. Mwanzo wa sauti hiyo, kabla ya wimbo, mzee mwenyewe aseme jina lake, jina la baba yake, kijiji, na mwaka. Jina likiwa ndani ya sauti haliwezi kutengana na sauti, hata kasha likipotea.

La pili: maneno ya wimbo yaandikwe kwa lugha yake, na chini yake Kiswahili. Nakala moja ikae shuleni, nyingine nyumbani kwa mzee, na nyingine ipelekwe kwa afisa utamaduni wa wilaya. Mwalimu wa Kiswahili atapata humo somo la fasihi simulizi lisilo la kukariri. Na mwalimu wa fizikia, akitaka, atapata humo somo la mawimbi.

La tatu: tuandike kwa ajili ya sikio. Shule nyingi hufundisha insha kwa ajili ya jicho, nayo ni kazi njema. Lakini mwanafunzi na ajaribu pia kuieleza bugoyangi kwa dakika mbili, kwa maneno tu, kwa mtu asiyepata kuiona, mpaka msikilizaji amwone chatu na arudi nyuma hatua moja. Atakayeweza hilo amekwisha kuijua malighafi yake.

Wataalamu hutuambia kwamba wimbi lililokwisha kurushwa huendelea kusafiri angani, likififia kadiri liendavyo. Lile la wimbo wa babu yetu, yaani lile lililoweza kupenya ionosfia, limekwisha kuzipita nyota nyingi, dhaifu kiasi cha kutoweza kushikwa na chombo chochote. Huko halitatufaa kitu. Litakalotufaa ni lile tutakalolipokea hapa duniani, tukaliandika jina lake, tukampa mtoto. Wazee wenye nyimbo hizo wangali wapo Binza, Maswa, Meatu na kwingineko nchini, na kila mwaka wanapungua. Mwalimu anayesoma makala haya na awaulize wanafunzi wake kesho asubuhi: nani kati yenu ana babu au bibi aimbaye? Kisha awatume nyumbani wakasikilize.